Nondo Zinazongoja

Ukipita Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, inua macho juu ya maduka. Nondo zimechomoza kwenye paa la zege, zimeshika kutu, zinangoja ghorofa ijayo. Mgeni hudhani mwenye jengo ameishiwa. Kumbe alipanga hivyo tangu siku ya kwanza, na msanifu majengo wake alijua.

Mfanyabiashara wa mpakani hujenga kadiri biashara inavyokubali. Mwaka huu vyumba vya chini vya kupangisha, ngazi mwaka mwingine, ghorofa labda watoto wakishamaliza shule. Anayemchorea hana budi kufikiria uzito wa vyumba ambavyo bado havina fedha, na huenda visizipate kamwe. Nguzo nene humwumiza mteja leo. Nyembamba itamwumiza mwanawe. Kumshawishi mzee wa sokoni alipie saruji ya nguzo ambayo bado haijabeba kitu ni ustadi ninaouheshimu kuliko michoro mingi yenye rangi.

Ndiyo maana naipenda kazi hii inapokaa ndani ya familia. Baba huchora msingi, miaka ishirini baadaye mtoto wa mteja hubisha hodi na kumwuliza binti wa msanifu, "Dada, ramani ya mzee bado ipo?" Ipo. Pembeni kuna maneno ya penseli: hapa palikuwa na maji, tulichimba zaidi. Ofisi kubwa za Nairobi na Kampala zina kompyuta nzuri, lakini hazikuwapo shimo lilipochimbwa.

Saruji yenyewe haitoki mbali. Kiwanda cha Tororo kilianza miaka ya 1950, Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 likiwa bado linajengwa Jinja. Tororo pia ina sifa isiyotamanika: kati ya mwaka 1967 na 1976, ngurumo zilihesabiwa wastani wa siku 251 kwa mwaka. Mahali kama hapo waya wa radi ni sehemu ya ramani, si pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Veranda nayo lazima iwe pana, maana mvua ya mchana huja ya ubavu na wateja wote wa duka hujibanza humo.

Kisha kuna mihuri. Mwaka 2011 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutambua sifa za wasanifu majengo wa kila upande, na mwaka 2018 Busia kukazinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani. Hata hivyo ramani hupita mikononi mwa maofisa wawili tofauti: huku kaunti, kule manispaa. Hapo ukoo husaidia. Mpaka wa wakoloni uliwakata Wasamia na Wateso katikati; basi haishangazi ndugu akisajiliwa Nairobi na binamu yake Kampala, kila mmoja akijua mlango wa kubisha.

Kazi ngumu zaidi huja mjukuu anapobadili nia. Babu alitaka ghala. Yeye anataka gesti, tena yenye choo kila chumba. Binti hutandaza mchoro wa baba yake, hupima nafasi kati ya nguzo na nguzo, hutafuta bomba la maji taka lilipita wapi, kisha humwambia: vyumba sita, si kumi, na ngazi ibaki palepale.