Chupa ya Morningside na ndege iliyovunjika Tabora

Panda Morningside asubuhi, juu ya mji wa Morogoro, mpaka kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Kunywa maji yako yote, funga kizibo barabara, kisha teremka. Ukifika mjini utaikuta chupa imebonyea mbavu, na hakuna aliyeigusa. Hewa uliyoifungia kule, kwenye mita zipatazo 1,300, ni nyepesi kuliko ya mjini kwenye mita kama 500. Hewa nzito ya huku chini ndiyo iliyoikandamiza.

Kila nikiiona chupa hiyo namkumbuka Lady Mary Bailey. Tarehe 10 Aprili 1928 mama huyo wa watoto watano, mwenye miaka 37, alifika Tabora peke yake katika ndege ndogo aina ya De Havilland Moth, akitoka London kwenda Cape Town. Tabora iko juu karibu sawa na Morningside. Tofauti ni kwamba Tabora ni tambarare: hakuna bonde la kuchungulia, hakuna milima kama Uluguru ya Morogoro ya kumkumbusha mgeni kwamba amesimama juu. Wakati wa kutua alikosea makadirio katika hewa ile nyepesi, ndege ikavunjika vibaya. Yeye alitoka mzima.

Usidhani alikuwa mgeni wa hewa ya juu. Julai 1927, akiwa na Louise de Havilland kama abiria, alipanda hadi mita 5,268, rekodi ya dunia kwa ndege nyepesi. Lakini kuruka juu na kutua juu ni mambo mawili. Ukiwa angani hakuna kitu karibu cha kupimia mwendo wako kwa macho. Ukitua, ardhi yenyewe ndiyo inayokuja.

Tupige hesabu. Mchana wa nyuzi 28 pale Tabora, uzito wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa kawaida wa usawa wa bahari. Bawa hubebwa na hewa linayoikata, kwa hiyo hewa ikipungua lazima bawa liende kasi zaidi ili kubeba mzigo uleule. Kipima mwendo nacho husukumwa na hewa hiyohiyo. Mshale ukisoma kilomita 80 kwa saa, ndege kwa kweli inakwenda karibu 88. Nyongeza hiyo yaonekana ndogo, lakini nguvu ya kishindo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na hapo tayari imeongezeka kwa takriban moja ya tano. Moth haikuwa na breki. Iliburuza mkia wake chini mpaka ikasimama, na uwanja ukaliwa haraka.

Mtego wenyewe uko machoni. Lady Bailey alijifunza urubani karibu na London, akapata leseni Januari 1927. Jicho lililofunzwa kule chini huzoea nyasi zipite kwa kasi fulani wakati wa kutua. Hapa zinapita haraka kuliko mazoea, na mkono wenyewe unataka kupunguza mwendo. Ukiutii, bawa linakosa hewa ya kutosha na ndege inadondoka ghafla. Dawa ni kuuamini mshale hata macho yakikataa, na hilo kulifanya nukta chache kabla ya kugusa ardhi, peke yako, baada ya saa nyingi za jua na kelele za injini, ni kazi ngumu sana. Simlaumu hata kidogo.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Mumewe, Sir Abe Bailey, alimtafutia Moth nyingine, ikaletwa Tabora kutoka Afrika Kusini. Akapanda. Hewa ilikuwa ileile, na safari hii ilikuwa zamu ya injini kuionja: kila inapovuta pumzi hupata hewa pungufu, nguvu hushuka, na ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kuinuka. Tarehe 30 Aprili, siku 20 baada ya ajali, alitua Cape Town. Baadaye akageuza pua kaskazini, akapitia Kongo na Afrika Magharibi, na Januari 16, 1929 magurudumu yake yakagusa uwanja wa Croydon, London.