Shanghai walikosea kwenye udongo, si kwenye paili

Picha mmeiona. Jengo la ghorofa 13 katika mtaa wa Lotus Riverside, Shanghai, limelala ubavu kwenye matope, madirisha mengi yakiwa mazima, paili zimechomoza kutoka tumboni mwake zimekatika. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 27 Juni 2009. Kila picha hiyo inapozunguka tena kwenye simu, hukumu ni ileile: paili zilikuwa na uwazi katikati, watu walilipua kazi. Sikubali. Kwa ujenzi wake, jengo lile halikuwa na kosa la kuliangusha. Lilianguka zima na zege lake likashikana. Lililoliangusha ni agizo moja, la mahali pa kuweka udongo.

Upande wa kusini wa jengo walikuwa wanachimba maegesho ya chini, kina cha mita 4.6. Kwa wasomaji wa safu hii wanaochimba besimenti mbili na tatu, kina hicho si cha kutisha. Lakini udongo haukutoka nje. Ulipelekwa upande wa kaskazini, kati ya jengo na mto Dianpu, ukarundikwa mpaka kufika kama mita 10 kwenda juu. Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na kilichofuata ni matokeo tu.

Piga hesabu mwenyewe. Udongo wenye maji una uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo rundo la mita 10 linakandamiza ardhi kwa tani 18 kwenye kila mita ya mraba. Ghorofa moja ya nyumba za kuishi za zege huwa tunaikadiria tani 1 hadi 1.5 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 13. Utaona kwamba nyuma ya jengo lile walisimamisha jengo la pili lenye uzito uleule, na hili halikuwa na paili hata moja. Lilikaa moja kwa moja juu ya udongo laini wa mfinyanzi, ule ambao Shanghai nzima inaujua. Na upande wa pili wa jengo, palepale, walikuwa wameondoa mita 4.6, yaani kama tani 8 kwa mita ya mraba zilizokuwa zinaishikilia ardhi isisogee. Huku umeongeza, huku umepunguza, na jengo lipo katikati.

Udongo laini ukibanwa hivyo hauzami tu, unakwenda pembeni. Ulisukumwa kutoka kaskazini kwenda kusini, ukapita chini ya jengo, ukakutana na paili. Paili za aina ile, za zege lililovutwa nyaya na lenye uwazi katikati, zimetengenezwa kubeba mzigo unaotoka juu, na kwa mzigo huo hazina neno. Ukizisukuma ubavuni zinakatika kama chaki. Tume ya wataalamu iliyoongozwa na Jiang Huancheng ilisema hivyohivyo: tofauti ya msukumo wa pande mbili ndiyo iliyosogeza ardhi na kuvunja paili. Wanaoendelea kulaumu uwazi wa paili wajibu swali moja. Majengo mengine ya mtaa uleule, mbona yalibaki wima?

Kinachoniuma zaidi ni siku iliyotangulia. Tarehe 26 Juni ukingo wa mto karibu na rundo uliporomoka. Ardhi ilikuwa imeshaonyesha wazi kwamba mzigo umeizidi. Saa ileile ilitakiwa kijiko kipande juu ya rundo kianze kulishusha kutoka kileleni, na udongo urudishwe kwenye shimo la maegesho, hata kama kazi ya wiki nzima ingepotea. Kuurudisha kungetibu pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Haikufanyika. Kesho yake alfajiri jengo likaenda, na mfanyakazi mmoja akafa.

Wazee wa kazi hii hawakufanya hivyo. New York miaka ya 1960, mahali palipokuja kusimama World Trade Center, walikuwa na shimo la karibu mita 20 katikati ya mji, maji ya mto Hudson yakiwa hatua chache, na njia za treni ya abiria zikipita humohumo bila kusimamishwa. Kwanza walimwaga ukuta wa zege ndani ya mtaro uliojazwa tope la bentonaiti, wakashuka hatua kwa hatua wakiufunga ukuta kwenye mwamba kwa nyaya. Udongo, zaidi ya mita za ujazo 750,000, walikuwa wameshaupangia pa kwenda: upande wa pili wa barabara, mtoni, kwenye eneo lililozungushiwa kingo. Leo eneo hilo ni sehemu ya Battery Park City, watu wanaishi juu yake.

Ukuta ule ulipimwa tena baada ya Septemba 2001, kifusi cha minara kilipokuwa kinaondolewa. Upande wa Liberty Street ukuta ukasogea kama sentimita 25, barabara ikapasuka. George Tamaro, aliyeushughulikia ukuta huo tangu ulipojengwa, alikuwa miongoni mwa wahandisi waliokuwa pale. Uondoaji wa kifusi ukasimamishwa upande huo, mchanga ukarudishwa kuuegemeza ukuta, nyaya mpya zikafungwa, ndipo kazi ikaendelea. Walisoma ishara ileile ambayo Shanghai waliipita.

Kwenye kuupangia udongo pa kwenda, Chicago nao, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na treni ndogo chini ya mitaa. Udongo wa misingi ya maghorofa ulisombwa humo mpaka kwenye ufukwe wa ziwa.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu wa siku zote, BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake. Nyingi ninazoziona zinalipa vizuri udongo uliochimbwa, kisha kuusomba kunapewa mstari mmoja wa jumla mwishoni. Mkandarasi anachimba haraka kwa sababu hapo ndipo penye pesa, na udongo unamsubiri pembeni ya shimo. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, shimo la mita 9. Ni mita za ujazo 5,400 zikiwa ardhini. Zikichimbwa zinavimba, weka robo, unapata 6,750. Kwa tipa la mita 15 hizo ni trip 450. Kama unaruhusiwa kusomba usiku tu, saa sita, na geti moja linatoa tipa kila robo saa, ni trip 24 kwa usiku, yaani usiku 19 bila mvua wala pancha. Kijiko kinaweza kulimaliza shimo mapema zaidi, lakini hakina ruhusa ya kulitangulia geti. Kikilitangulia, tofauti yake inalala juu ya ukingo wa shimo, au ubavuni mwa nyumba ya jirani, na ukuta wako unabeba mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

Kwa hiyo, mhandisi msimamizi, kabla hujasaini kazi ya kuchimba ianze, dai mchoro unaoonyesha udongo utawekwa wapi, umbali wake kutoka ukingoni na kwenye majengo, kimo ambacho rundo halitakiwi kuvuka, na idadi ya tipa kwa siku. Lipa kwa mita ya ujazo iliyotoka getini. Mchoro usipoletwa, kijiko kisiwashwe.