Fedha ya Kufua

Pambo la fedha la mwambao, kuanzia Pate na Lamu hadi Unguja, lilifuliwa kwa ajili ya mtu anayejulikana. Sonara alijua ni bi harusi wa nyumba ipi na kifundo chake cha mkono kina unene gani. Ndiyo maana mapambo haya hayasomeki vizuri yakitengwa na mwili ulioyavaa. Kipini kilikuwa cha pua, jasi la ndewe ya sikio, furungu la mguu, na aliyekosa fedha alijaza tundu la sikio kwa karatasi ya rangi iliyokunjwa vizuri, maana sikio tupu lilikuwa aibu.

Upendo wa mapambo ni wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za wanawake wa Kilwa waliojipamba kwa dhahabu na fedha. Katika karne ya 19 fedha nyingi ilitoka katika riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye uzito wa gramu 28 hivi, ambayo iliendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 hata miongo mingi baada ya malkia huyo kufariki. Riale ziliingia kalibuni zikatoka bangili. Siku ya dhiki bangili zikawekwa mizanini zikarudi kuwa pesa. Akiba ya mwanamke ilikaa mkononi mwake mwenyewe, ikionekana na kila mtu, na hakuna aliyeweza kuitumia kwa siri.

Dini nayo ilikuwa na neno lake. Mwanamume aliachiwa pete ya fedha, kwa kuwa Mtume naye alivaa pete ya fedha iliyokuwa muhuri wake. Dhahabu ilikuwa ya wanawake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambaoni, pambo halali ambalo mwanamke hulivaa halitolewi zaka. Mlio wa mitali ya miguuni ulijulikana kuwa na nguvu, ndipo Sura ya An-Nur ikawaonya wanawake wasipige miguu chini ili mapambo yaliyofichika yajulikane. Na mume akifa, mjane huvua kila kitu, akakaa eda miezi minne na siku kumi bila pambo. Mikono mitupu ilitangaza msiba kabla hajafungua kinywa.

Lakini palipo na siri ya kazi hii ni kwenye kikasha cha hirizi. Mwalimu huandika aya, karatasi ikakunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa nyembamba kuliko kidole. Wengi waliishonea ndani ya ngozi au kitambaa. Mwenye uwezo alimwendea sonara, naye akafua bati jembamba la fedha, akalizungusha likawa bomba, akaziba ncha zake. Kisha ikaja kazi ya macho: kupanga juu yake chembe za fedha ndogo kama punje za ulezi, na kuzishikisha kwa moto. Moto ukipungua, chembe hudondoka. Ukizidi kidogo tu, zote huyeyuka zikawa doa moja, na kazi ya siku nzima imekwenda. Wako masheikh waliokataa hirizi kabisa, wakisema kinga haitoki ila kwa Mwenyezi Mungu, na mjadala huo haujaisha. Hata hivyo inagusa moyo kwamba ustadi wote huo ulitumika kuyasitiri maneno ambayo hakuna mpita njia angeyasoma.

Katika karne ya 20 dhahabu ilishinda fedha. Mafurungu mazito yalionekana ya kishamba, yakauzwa kwa uzito na kuyeyushwa, na kila kipande kilichoingia motoni kilikwenda na nakshi ya mkono usiorudi tena. Leo bi harusi huvaa dhahabu iliyotoka Dubai, iliyopigwa na mashine maelfu kwa sura moja. Inang'aa, haina kosa, na haimjui mvaaji. Vikasha vya hirizi bado vinapatikana katika maduka ya watalii, vikiwa vitupu, na mnunuzi huvichukua kwa ajili ya chembe zake.

Masonara wachache waliobaki Lamu hufua pete zenye vigae vya vyombo vya Kichina, mabaki ya bakuli na sahani zilizopamba zidaka na makaburi ya mababu. Sonara hukichonga kigae kwa tupa polepole, kwa kuwa kaure hupasuka bila kutoa taarifa, kisha hukizungushia ukingo wa fedha na kuubana kwa ncha ya chuma. Ua la buluu lililokuwa katikati ya sahani nzima hubaki na upana wa ukucha.