Fundi wa Shimo

Madibira, katika bonde la Usangu, ina maji ya kutazamwa. Mto Ndembera unateremka kutoka vilima vya Iringa, unaingia mifereji ya skimu ya umwagiliaji, unajaza majaruba ya mpunga, na yanayobaki yanaelekea kinamasi cha Ihefu. Lakini anayekaa mbali na mfereji huchimba kisima, na ni kando ya kisima nilipojifunza kumheshimu fundi wa shimo.

Hashuki kwa pupa. Kwanza hushusha mshumaa unaowaka kwa kamba. Ukizimika, siku hiyo hakuna kazi, hata mwenye nyumba anune vipi. Akiteremka huchimba kwa kuzunguka, ukuta ubaki wima, na kila tabaka hulishika mkononi na kulifinya. Udongo ukipata ubaridi na kung'ang'ania sururu, huita kalavati zisogezwe karibu, kwa maana maji yakitangulia, ukuta utamfuata. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huliita shimo la namna hiyo duara. Halina huruma na mwenye haraka.

Wapo mafundi wa kazi hiyohiyo wanaoyakimbia maji. Nchi zenye vinu vya nyuklia zina mabaki ya fueli yatakayobaki hatari kwa makumi ya maelfu ya miaka, na njia wanayoiamini ni kuyazika mamia ya mita chini ya ardhi. Huko chini adui ni maji: ndiyo yanayoozesha chuma na kubeba sumu hadi kisimani kwa mtu. Kwa hiyo kabla ya kuzika, huchimba mashimo ya kujifunzia tu. Ufaransa imechimba mahali paitwapo Bure, ndani ya mwamba wa udongo, karibu mita 490. Japani ilichimba Mizunami, ndani ya matale, mashimo mawili ya mita 500, moja likiwa na upana wa mita 6.5 na jingine mita 4.5.

Hayo ya Mizunami ndiyo yanayonivutia, kwa sababu mwamba wake ulivuja. Mafundi walitoboa vitundu virefu mbele ya kazi ili kuyapima maji kabla ya kuyafikia, wakasindilia saruji kwenye nyufa, ndipo wakalipua. Kifusi kikitolewa, wanajiolojia walichora kila ufa wa ukuta kabla zege halijaufunika. Ni mshumaa uleule wa Madibira, ila umekuwa na vyombo vingi.

Na dawa yao kubwa ya maji ni nini? Udongo! Ufini na Uswidi zimechagua kuweka mabaki hayo ndani ya mikebe ya shaba, kisha kuizungushia udongo uitwao bentonaiti, ambao ukiguswa na maji huvimba na kuziba kila upenyo. Mkulima wa Usangu hahitaji kuelezwa. Udongo mweusi wa mbuga, wa ukoo huohuo, kiangazi hupasuka hadi mguu wa ng'ombe ukazama. Mvua ikija, nyufa hujifunga zenyewe, na jaruba likivurugwa vizuri hushika maji.

Sisi Watanzania hatuna vinu vya umeme wa nyuklia. Tuna vyanzo vya mionzi vilivyochoka, vya hospitali na viwanda, chini ya uangalizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa mabaki madogo kama hayo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuza mbinu iliyobuniwa Afrika Kusini: kisima chembamba kinachochimbwa kwa mtambo wa aina ileile inayotuchimbia maji vijijini, kisha kinazibwa kwa saruji. Anayejua kuchimba kisima kwa uangalifu ameshapita nusu ya darasa.

Mashimo ya Mizunami yalifukiwa hadi juu, kazi ikamalizika mwaka 2022. Kwa mujibu wa ahadi waliyopewa wenyeji tangu mwanzo, hakuna hata kipande kimoja cha taka za nyuklia kilichoingizwa humo.