Waya wa Njano

Magari ya umeme bado ni machache Isiolo. Huu ni mji wa Land Cruiser, wa Probox, wa malori yanayoteremsha mifugo kutoka Marsabit na Moyale. Gari lisilonguruma likipita, watu wa bodaboda hugeuza shingo. Moja la namna hiyo, dogo, lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu, nililikuta kwa fundi wa waya likiwa limefunguliwa boneti. Mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa kwenye benchi. Kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua.

Taa hiyo haina fujo. Gari linawaka, linakata kona, linafika sokoni na kurudi, ndiyo maana wengi huizoea. Lakini maana yake ni kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa imeona kasoro, na siku ya kugonga huenda mfuko usifumuke.

"Asubuhi inazima, mchana inawaka," mwalimu alisema. "Na wale wa kwanza waliniambia ninunue sensa mpya."

"Mwalimu, kwanza tuiulize hii ya zamani," fundi akajibu.

Mzee huyu alianzia kwenye malori, enzi ambazo barabara ya Moyale ilikuwa changarawe yenye mawimbi, kabla lami haijakamilika. Mtikisiko ule ulikata waya ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Huko ndiko alikojifunza kutouamini waya kwa kuutazama.

Kwenye gari la umeme rangi mbili zinahitaji adabu. Nyaya nene za rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa. Kwenye Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni Desemba 2010, betri kubwa ni ya volti 360 hivi. Waya mwembamba wa njano ni wa mifuko ya hewa. Mgeni wa kazi huogopa chungwa na kudharau njano, kumbe njano inaongoza kwenye kiwashio chenye baruti, kinachoridhika na umeme kidogo tu. Tena nyaya hizi zinajuana. Gari likigonga, kompyuta ya mifuko huamua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na uamuzi huohuo hutumika kuamuru relei zikate umeme wa betri kubwa. Sensa ya mbele, kijidude cha kutoshea kiganjani nyuma ya bampa, inalinda kifua cha dereva na pia mikono ya atakayekuja kumtoa.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa chai. Fundi alizima gari, akauweka ufunguo mbali, akachomoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, kisha akaagiza vikombe vitatu vya chai ya maziwa ya ngamia. Kompyuta ya mifuko huweka akiba ya umeme ndani yake ili iweze kufyatua hata betri ikipondwa. Vitabu vya baadhi ya magari vinataka usubiri dakika tatu. Yeye husubiri kikombe kiishe, na mimi sijaona kipimo bora zaidi.

Mashine ya kusoma hitilafu ilikuwa imeshasema neno lake: sensa ya mbele, njia imekatika. Fundi wa haraka huishia hapo na kuagiza sensa. Mashine, hata hivyo, inajua tu kwamba ujumbe haukufika. Haijui ulipotea wapi. Mzee alichomoa plagi pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye sensa, akapima waya peke yake huku akiutikisa kipande kwa kipande. Mita haikuyumba. Chini ya omu moja, nyaya zote mbili. Mfuko wenyewe hakuugusa na mita hata mara moja, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kuwa mkubwa wa kutosha kuufyatua.

Basi akatoa kwenye kopo pini moja safi, ya ukubwa uleule wa zile za sensa. Akaichomeka kwenye tundu la kwanza la plagi, akaigeuza plagi chini juu. Pini ikaning'inia. Akaichomeka kwenye tundu la pili. Ikaanguka kwenye kitambaa.

Alirudia mara tatu, bila kusema lolote.

Mtu alikuwa amepima hapo awali kwa ncha nene ya mita, akalipanua tundu. Asubuhi ya baridi chuma kinagusana. Jua la Isiolo likipanda, kinaachia. Ugonjwa uliletwa na daktari. Sensa ilikuwa nzima.

Watengenezaji wengi hawataki waya wa njano uungwe katikati, wanataka fungu zima libadilishwe. Mzee hakuunga. Aliagiza vichwa vya pini kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, vikaja na matatu kesho yake. Akakitoa kile kilichopanuka kwa sindano, akabana kipya kwa koleo lake maalumu, bila solda, kwa kuwa solda hufanya waya ukakamae na kukatika kwa mtikisiko. Nyaya zile mbili akazisokota tena kama zilivyotoka kiwandani, msokoto kwa msokoto, maana msokoto ndio unaozikinga na kelele za umeme wa mota. Plagi ikalia "tak". Akaivuta kidogo kuhakikisha.

Kasoro inapokuwa kwenye njia ya mfuko wenyewe, ipo njia fupi, na inajulikana. Rezista ya omu mbili hivi ikiwekwa mahali pa mfuko wa hewa, kompyuta hudanganyika na taa huzima. Fundi mwaminifu huitumia kwa dakika chache kutafuta kasoro, kisha huitoa. Wengine huiacha humo na kupokea pesa. Wapo pia wanaochomoa balbu tu.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua gari lililotumika, la umeme au la petroli, kabla hujauliza bei washa swichi na uitazame taa hiyo. Inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha izime yenyewe. Ikikataa kuzima, mtafute fundi. Isipowaka kabisa, usitoe pesa.