Kwa Nini Ganzi Hukataa Kushika Gego la Chini

Mgonjwa amechomwa sindano, mdomo umeshakufa ganzi, lakini koleo likigusa gego anaruka kitini. Wengi huambiwa ni waoga. Huko ni kuwaonea, maana sababu za ganzi kutoshika zinajulikana.

Dawa yenyewe mara nyingi ni lignokaini ya asilimia 2, iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ibane na dawa isisombwe mapema. Kwenye taya la juu kazi ni nyepesi. Mfupa wa huko una vitundu vingi, hivyo dawa ikiwekwa kwenye fizi jirani na mzizi hupenya yenyewe. Mfupa wa magego ya chini ni mnene. Daktari hulazimika kupeleka sindano nyuma kabisa ya mdomo, upande wa ndani wa taya, aukute mshipa wa fahamu kabla haujazama mfupani. Kabla ya kusukuma dawa huvuta kidogo. Damu ikionekana kwenye bomba, ajue yumo ndani ya mshipa wa damu, asogeze sindano. Akipotea kwa milimita chache, jino linabaki macho. Akilenga sawasawa, bado dawa inahitaji dakika kadhaa, na kliniki yenye foleni ndefu huwa haina subira hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni usaha. Nyama iliyovimba huwa na asidi nyingi, na katika asidi sehemu kubwa ya lignokaini hushindwa kupenya utando wa mafuta unaofunika mshipa wa fahamu. Kuongeza dawa palepale kwenye uvimbe hakusaidii sana. Ni heri kuchoma mbali na uvimbe, mshipa ufungwe kabla haujafika huko. Tena dawa ina kikomo. Madaktari wengi wa watoto hawavuki miligramu 4.4 kwa kila kilo, maana yake mtoto wa kilo 20 asipewe zaidi ya miligramu 88, wakati kichupa kimoja cha mililita 1.8 kina 36.

Gesi ya naitrasi oksaidi hutuliza hofu, lakini sindano inabaki palepale. Nusukaputi ina nafasi yake kwa mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu, ila inataka hospitali na mtaalamu wa usingizi.

Kuhisi jino likisukumwa ni kawaida. Ukihisi maumivu makali, inua mkono, umwombe daktari asimame apime ganzi upya kabla ya kuendelea. Hiyo ni haki yako.