"Maungamo" ya Augustino: Toba na Haki ya Mja

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa akimuomba Mola wake maghfira kila siku zaidi ya mara sabini ilhali amekwisha kusamehewa.

Ama baada ya hayo. Katika mihadhara yetu ya kulinganisha dini kuna neno linalorudiwa sana, mpaka limekuwa kama hadithi sahihi. Husemwa kwamba Mkristo akitenda dhambi humwendea padri, husema maneno mawili, hutoka msafi, na kesho yake huanza upya. Watu hucheka, takbira hupigwa, mada huishia hapo. Lakini msemaji akiulizwa ni kitabu gani cha Wakristo alichokisoma katika mlango huu wa toba, mara nyingi hana jibu. Na Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Maidah, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Hukumu hiyo inaingia katika mjadala kama inavyoingia katika mahakama ya kadhi.

Kitabu kinachofaa kusomwa na anayetaka kusema juu ya jambo hili ni "Maungamo" cha Augustino, askofu wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Kiliandikwa baina ya mwaka 397 na 400 takriban, yaani zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kushuka wahyi katika pango la Hiraa. Kina sehemu 13, na chote ni munajati: mtu anazungumza na Mola wake, sisi tunasikiliza pembeni. Kwa Kiarabu kinaitwa "I'tirafat", na hapo kuna kasoro ndogo inayompasa mwanafunzi wa lugha aijue. Neno la Kilatini "confessio" lina maana mbili kwa pamoja, kukiri dhambi na kukiri utukufu wa Mungu. "I'tiraf" linambebea msomaji maana ya kwanza tu, na kwa hivyo hushangaa anapokuta kurasa nyingi za kumtukuza Mungu ambazo hazina dhambi ndani yake. Sisi tungeelewa upesi lau tungekumbuka Sayyidul Istighfar, aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Shaddad bin Aws (R.A.). Humo mja hukiri neema kisha hukiri dhambi, na kitenzi ni kilekile kimoja, "abuu". Ala kulli hali, maana hizo mbili Augustino amezifunga katika jina la kitabu, na sisi tunazo katika dua tunayoisoma asubuhi na jioni.

Penye nguvu zaidi ni sehemu ya pili. Akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku katika mti wa jirani. Hawakuwa na njaa, na matunda mengi waliwatupia nguruwe. Augustino hajihesabii wizi peke yake. Anajiuliza kwa nini aliupenda ubaya kwa sababu ni ubaya, na lau angekuwa peke yake je, angeiba? Huko ndiko kuihisabu nafsi ambako kwetu kuliandikiwa vitabu na watu kama al-Harith al-Muhasibi (aliyefariki mwaka 243 H). Anayedai kwamba Mkristo hajui majuto asome kurasa hizo kwanza.

Lakini tangu sehemu ya kwanza njia zetu zinaachana. Augustino anamtazama mtoto mchanga anayemwonea wivu mwenzake kwenye ziwa la mama, naye anaiona dhambi hapo. Baadaye, katika mabishano yake na Pelagius, fikra hiyo ilisimama kuwa itikadi ya dhambi ya asili, na baraza la maaskofu lililokutana Carthage mwaka 418 likaipitisha. Kwetu mtoto huzaliwa juu ya fitra na kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Adam (A.S.) alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, akatubia, akakubaliwa, kama ilivyo katika Suratul Baqarah, aya ya 37, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Tofauti hii si ya majina tu. Kwetu kutubu ni kurejea mahali mja alipokuwa, na ndiyo asili ya neno "taba". Kwake yeye, mtu hakupata kuwa mahali safi pa kurejea, kwa hiyo toba ni kuponywa ugonjwa wa kuzaliwa nao.

Pengine mtu atauliza: je, kuandika dhambi zako watu wakazisoma si mujahara iliyokatazwa? Kwetu ndiyo. Aliyesitiriwa na Allah usiku hana ruhusa ya kujifichua asubuhi. Hujjatul Islam al-Ghazali katika "al-Munqidh" alisimulia shaka yake na kupenda kwake umaarufu, wala hakuingia vyumbani. Augustino mwenyewe aliliona swali hili, na katika sehemu ya kumi anajitetea kwamba anataka aliyekata tamaa apate matumaini. Tunamfahamu, ila hatumfuati.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) katika "Riyadhus Salihin" ametaja masharti matatu ya toba: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikihusu haki ya mja linaongezeka la nne, kujivua na haki ya mwenyewe, ikiwa mali airudishe, ikiwa ni kusengenya amuombe amhalalishie. Kwa sharti hili "Maungamo" yamepungukiwa. Mwenye mti wa mapeasi hatajwi kama mtu mwenye haki. Hatuambiwi kama alilipwa wala kuombwa radhi. Mbele ya Mungu kuna machozi kurasa nzima, na jirani hana hata mstari.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba Wakristo hawana sharti hilo. Augustino huyuhuyu, akimwandikia Macedonius, mtawala wa Kirumi katika Afrika, takriban mwaka 413 au 414, alieleza wazi kwamba mwenye uwezo wa kurudisha alichoiba asirudishe, toba yake ni ya kuigiza na dhambi haisamehewi. Mafundisho ya Wakatoliki mpaka leo yanataka majuto, maungamo na malipizi, na kurudisha cha watu ni wajibu kwao. Basi ile kauli ya mihadharani haisimami.

Kilichobaki ni kizito kuliko mapeasi. Augustino aliishi zaidi ya miaka 12 na mwanamke ambaye jina lake hakuliandika, akazaa naye mwana, Adeodatus. Mwaka 385 takriban, huko Milano, ilipotafutwa ndoa ya kumfaa katika cheo, mwanamke yule alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Augustino anasema moyo wake ulitoka damu, kisha anakiri kwamba alichukua mwanamke mwingine. Maumivu anayoyaeleza ni yake. Haki ya mama kwa mwanawe haimo katika hisabu, na hadithi ya muflis katika Sahih Muslim inatufundisha kwamba mtu huja Siku ya Kiyama na swala na funga zake, zikagawiwa waliodhulumiwa naye mpaka zikamwishia.

Mwaka 388 Augustino naye alirudi katika Afrika ileile akiwa na mwanawe, na kijana huyo alifariki baada ya muda mfupi. Kitabu hakisemi kama mama yake aliarifiwa.